Bunduki ya Sita

Saa moja na nusu asubuhi ya Jumatatu, bunduki sita zilikuwa zimelazwa juu ya meza ya Inspekta Kasimiro Ayiko katika kituo cha polisi cha Arua, naye Inspekta alizitazama kama mtu aliyeletewa wageni sita na ana vitanda vitano.

"Soma namba tena," alisema. "Polepole. Usinikimbize."

Koplo Paska alikuwa na kibali mkononi. Kilitolewa mwaka 1961 na mkuu wa wilaya Mwingereza, kikimruhusu Zéphyrin, fundi baiskeli wa Arua, mzaliwa wa Bangui, kuweka nyumbani kwake bunduki kuukuu za jeshi la Wafaransa kwa kumbukumbu. Zilizoongezeka baada ya mwaka huo ziliandikwa pembeni kwa wino mwingine, kila moja na muhuri wake. Paska alisoma, Ayiko akainama kulinganisha na tarakimu zilizochongwa kwenye chuma. Berthier ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, sawa. Gras, ile ya zamani kabisa ya kupiga risasi moja moja, sawa. MAS fupi, sawa. Ya sita, ndefu kuliko zote, haikuwamo ndani ya kibali wala pembeni mwake.

"Hii si yake," alisema Paska.

"Hii haijaandikwa. Luteni Hamuza atasema aliificha."

Barua ya Luteni wa kambi ya jeshi ilikuwa hapo hapo mezani, mistari mitatu tu. Marehemu Kenyi alikuwa dereva kambini Koboko, kwa hiyo kambi ilimtaka muuaji wake, na Luteni mwenyewe angekuja kumchukua saa nne. Tangu mwaka juzi, 1971, Ayiko alikuwa amekabidhi mahabusu wanne kwa barua za namna hiyo. Mikanda yao na kamba zao za viatu zilikuwa bado kwenye droo yake ya chini, maana hakuna hata mmoja aliyerudi kuzidai.

Jambo lenyewe lilitokea Jumamosi alasiri mjini Koboko, ndani ya ghala la tumbaku la Mzee Wani, sajini mstaafu wa KAR, jeshi la Waingereza, Mnubi aliyezaliwa kambini na baba yake akazaliwa kambini. Mlio mmoja ulisikika. Majirani walikuta Kenyi amelala chini, amekufa, na bunduki ndefu ya Kifaransa ubavuni mwake. Kenyi alikuwa mpwa wa Wani, mtoto wa pekee wa dada yake Hadijah. Wani alisema alikuwa nyuma ya nyumba akitawadha. Dakika chache baada ya mlio, Zéphyrin alionekana akiingia uani na baiskeli yake, kwa kuwa Jumamosi huwa anakwenda Koboko gulioni, kisha humtembelea Wani, rafiki yake wa miaka ishirini.

Sajini wa polisi wa Koboko hakujisumbua. Aliandika: "Bunduki ni ya Kifaransa, mali ya Zéphyrin wa Arua." Alijuaje? Alijua kwa sababu West Nile nzima ina mtu mmoja tu anayekusanya bunduki za Wafaransa. Kwa hesabu rahisi hivyo watu wanakufa, na Ayiko alikuwa na hasira nayo tangu Jumapili.

Jumapili hiyo alikuwa amekwenda Koboko mwenyewe, akarudi na mambo matatu katika daftari. La kwanza, kwenye udongo wa sakafu ya ghala palikuwa na alama iliyozama, umbo la nusu mwezi, mpya. La pili, bati la paa lilikuwa na tundu moja, juu kabisa ya alama ile. La tatu alilipata kwa mzee aliyeosha maiti, kwani Kenyi alizikwa Jumamosi ile ile kabla ya jua kuzama, kama inavyotakiwa, na hakuna daktari aliyemgusa. Mzee alisema risasi iliingia chini ya kidevu na kutokea utosini.

"Nitaongea na Kaporali Zéphyrin," Ayiko alisema. "Wewe mlete yule Mkongo tuliyemkamata jana, baadaye."

* * *

Zéphyrin alikuwa ameomba ufagio na kuifagia mahabusu yake. Alikuwa mtu mweusi tii, mwenye ndevu fupi za mvi, lakini kwa kuwa alipigana chini ya bendera ya Wafaransa, Arua walimwita Kaporali na Koboko walimwita Mfaransa. Alisimama Inspekta alipoingia. Ayiko alimwashiria akae, naye mwenyewe akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Kaporali, toka kwako mpaka Congo ni mbali gani?"

"Kwa baiskeli, saa moja. Kama mvua hapana, chini ya saa."

"Jumamosi jioni mpaka Jumapili asubuhi polisi hawakuwa kwako. Ulijua watakuja?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuvuka?"

Zéphyrin alikuna ndevu. "Afande, wewe umekulia hapa. Batu banasema nini juu ya askari ya Mfaransa?"

Ayiko alijua, na aliona haya kidogo kulisema. "Wanasema buti zake huisha kabla ya risasi zake."

"Ile ni maneno ya Wani. Iko na ingine mingi. Miaka makumi mbili ananiambia, na mimi nacheka, maana ni rafiki. Lakini nikivuka mpaka usiku na baiskeli, ile maneno inakuwa kweli. Itakuwa kweli juu ya batu nilizika."

"Utakufa ili watu wasicheke?"

"Si kucheka." Alitazama mikono yake. "Mwaka wa makumi ine Paris ilianguka, na wakubwa wakatia sahihi kwa Mjerumani. Sawa. Mimi sikuwa mukubwa. Mwaka wa makumi ine na mbili sisi ya Bangui tulikuwa mu jangwa la Libya, Bir Hakeim. Zaidi ya wiki mbili. Wajerumani huku, Baitaliano huku, maji hakuna. Tulipotoka, tulitoka usiku katikati yao, si kwa nyuma. Kwa nyuma hapakuwa na njia. Ndugu yangu ya mama moja alibaki pale na bunduki yake ya Lebel. Ndiyo maana natafuta hizi bunduki. Moja niliipata kwa fundi chuma huko Aba, alikuwa anatumia mtutu kupuliza moto. Ingine ilikuwa inafungia mlango wa misheni. Mutu akinicheka, namuonyesha hapa." Aligusa shavu lake, mahali kitako cha bunduki hukaa. "Ubao umelika kabisa. Bunduki ya mwoga hailiki pale."

Ayiko aliyapokea maneno hayo bila kuandika. Kisha akauliza swali lililomleta. "Ile ya Koboko, ni yako?"

"Ni Lebel. Miaka kumi natafuta Lebel."

"Nimeuliza kama ni yako."

"Si yangu. Ningependa iwe yangu."

"Usithubutu kusema hivyo mbele ya Luteni. Ulipoingia uani, uliona nini?"

"Niliona kijana amelala. Niliona Lebel."

"Na Wani?"

"Uliza Wani."

"Nakuuliza wewe."

Hakujibu. Hakikuwa kimya cha mtu anayetafuta uongo. Ayiko alikuwa polisi miaka kumi na minne na kimya cha waongo alikijua. Huyu alikuwa amefunga mlango, na yuko ndani yake ametulia.

"Jambo moja tu," Inspekta alisema akiinuka. "Kule jeshini kwenu, mlibebaje bunduki? Ikiwa na risasi tayari?"

"Hapana kabisa. Risasi inakaa mu tumbo la bunduki, lakini chemba, nyuma ya mtutu, iko tupu. Officier akisema, ndiyo unapandisha risasi, na ukipandisha unapiga. Sajenti alikuwa anapiga mutu teke kama amepandisha bila amri." Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Mimi alinipiga mbili."

* * *

Mkongo aliitwa Albert, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Aru, ng'ambo ya mpaka, aliyekamatwa Jumapili kwenye kizuizi cha barabarani na risasi tatu nene mfukoni. Risasi hizo, zenye tako pana na shingo nyembamba, ziliingia sawasawa ndani ya Lebel. Kwa nusu siku Ayiko alikuwa ameweka matumaini yake yote kwa Albert. Mtu mwenye risasi za bunduki iliyoua ni zawadi kwa mpelelezi yeyote.

"Mi sikuua mutu," Albert alianza kabla hajaulizwa. "Jumamosi niko Aru, kanisani, banafunga ndoa ya dada yangu Régine. Batu mia mbili baliniona."

Padri wa Aru alikuwa ametuma karatasi kuthibitisha. Ayiko aliisukuma pembeni. "Bunduki uliipata wapi?"

"Kwa muwindaji wa Faradje. Niliifunga mu kitenge, nikapatia Kenyi, na risasi ine. Tatu zingine nilisahau mu mfuko."

"Kenyi alikuwa anaitaka ya nini?"

"Alisema si yake. Mzee mmoja amemtuma."

Kalamu ya Paska ilisimama.

"Mzee gani?"

"Mi sikuuliza, afande. Mzee gani mwingine anapenda bunduki ya Bafaransa?"

Paska alimtazama mkubwa wake. Hayo ndiyo maneno ambayo Luteni Hamuza angeyapenda kuliko yote: Kaporali ameagiza silaha kutoka nje, kijana wa kambi ameigundua, Kaporali amemnyamazisha. Kesi ingekamilika hata kabla ya gari la Luteni kuwashwa. Ayiko aliamuru Albert arudishwe mahabusu, akabaki amekaa na kichwa mikononi. Saa ya ukutani ilisema saa tatu kasoro robo.

"Tuandike alivyosema?" Paska aliuliza.

"Andika. Sitafuti uongo wa kumwokoa mtu. Natafuta ukweli, na unanichelewesha."

Aliinuka akaichukua Lebel. Ilikuwa nzito mbele. Alifungua bolti, komeo la bunduki, akachungulia chemba, tupu, akafunga bolti. Kisha akataka kuiegemeza ukutani, akasita, akatazama mkono wake wa kulia.

Kidole gumba kilikuwa kinapapasa. Kilikuwa kimevuka upande wa kushoto, nyuma ya bolti, kinavuta hewa.

"Paska, shika. Tia sefti."

Paska alipokea bunduki. Alikuwa binti wa Aroi, amefundishwa kwa Enfildi ya Waingereza kama polisi wote, na kile kitufe cha kuizuia bunduki isilie alikijua hata gizani. Kidole chake kilikwenda pale pale. Kikarudi. Kikaenda tena. Akainamisha uso.

"Afande, hakuna."

"Tazama kulia."

"Hakuna. Chini pia hakuna. Bunduki gani hii?"

"Bunduki ya mtu ambaye hapandishi risasi mpaka apige." Ayiko alikuwa ameanza kutembea, hatua nne kwenda, nne kurudi, ofisi haikuwa na nafasi zaidi. "Sikia. Nusu mwezi sakafuni ni kitako. Tundu la bati liko juu yake. Risasi iliingia kidevuni ikapanda. Bunduki hii haikulengwa, Paska. Ilikuwa imesimama wima. Mtu aliipandisha, akaiteremsha chini kwa nguvu, ikalia yenyewe, na Kenyi alikuwa ameinama juu ya mdomo wake."

"Kaporali aliiteremsha?"

"Kaporali alipigwa mateke mawili asifanye hivyo. Yeye angeacha chemba tupu. Aliyeteremsha bunduki iliyopandishwa ni mtu aliyeamini ameshaifunga. Mtu wa sefti. Mtu wetu, wa shule ya Mwingereza."

"Tuko wengi, afande."

"Wengi. Lakini ghala lile lina mwenyewe mmoja."

Kupitia dirishani waliwaona Wani na dada yake. Tangu alfajiri Hadijah alikuwa ameketi kwenye benchi la uani, amejifunika kanga ya matanga, anangoja kumwona muuaji wa mwanawe akipakiwa garini. Kila aliyepita alisikia akimlaani Mfaransa na kizazi chake. Kaka yake Wani aliketi karibu naye, amenyooka, mikono juu ya magoti.

* * *

Mzee Wani aliingia akavua kofia. Alimkuta Zéphyrin amesimama karibu na kabati, bila pingu. Hawakusalimiana, wazee wawili waliokunywa chai pamoja kila Jumamosi kwa miaka ishirini.

"Sajini," Ayiko alisema, "Luteni anakuja, na mimi nataka ripoti yangu iwe nzuri. Wewe ulifundisha vijana silaha. Nisaidie."

"Ndiyo, afande. Mimi nafundisha miaka tisa. Kuruti elfu."

"Hizi za Kaporali, umewahi kuzishika?"

"Hapana hata siku moja." Wani aliinua kidevu, na utani wa zamani ukamtoka kabla hajauzuia. "Mimi nasema, nashika hii, mkono yangu tapata ugonjwa ya mbio."

Hakuna aliyecheka. Ayiko alichukua ganda la risasi lililookotwa Koboko, tupu, limeshapiga, akalitia chemba mbele ya macho ya wote. Akampa Wani bunduki ya sita, bolti wazi. Kisha, bila kumpa nafasi ya kufikiri, akapaza sauti ya uwanja wa gwaride.

"Sajini! Funga bolti! Tia sefti! Bunduki chini!"

Mwili wa mzee ulitii. Bolti ikafungwa kwa pigo moja. Kidole gumba kikavuka kushoto, kikavuta nyuma, kikaridhika. Mkono ukateremka, kitako kikagonga saruji.

Tak.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sindano ya bunduki ikipiga ganda tupu. Kilichopaswa kuizuia ndani kilikuwa kimelika kwa uzee, na kishindo kilitosha kuifyatua. Wani alisimama ameshika mtutu. Alitazama chini, mahali ambapo mtu angekuwa ameinama.

"Wani," Zéphyrin alisema haraka. "Funga kinywa. Usiseme kitu."

"Kaporali, nyamaza wewe," Ayiko alisema.

"Huyu mama ya nje, afande! Amezika mtoto juzi. Unataka leo azike na ndugu?"

Basi mlango wa kimya chake ulikuwa huo. Aliona yote Jumamosi ile: Lebel chini, rafiki yake anatetemeka nyuma ya nyumba.

Wani aliketi bila kuambiwa. "Nataka kumpa yeye zawadi," alisema, akimwonyesha Zéphyrin kwa kidevu. "Mimi natuma Kenyi kwa Mkongo. Miaka mingi mimi nacheka huyu mutu, na yeye hapana kasirika. Nasema, sasa nampa ile bunduki anatafuta. Lakini mimi iko askari, hapana weza kupa mutu bunduki mbovu. Nataka kupiga moja kwa shamba, kuona. Napandisha. Kidole yangu inafanya kazi yake, kichwa hapana uliza. Naweka chini. Kenyi nainama kusoma ile maandishi kwa chuma."

"Kwa nini hukusema?"

"Nasema kwa nani? Kwa dada?" Alipangusa uso kwa kofia. "Polisi ya Koboko mwenyewe nasema ni Mfaransa. Mimi nanyamaza tu. Na Jumapili alfajiri mimi napanda lori ya kwanza, nakuja Arua, nagonga kwake. Nasema, Kaporali, kimbia. Congo iko hapo. Wewe takuwa huko, jina tabaki hapa, hakuna mutu takufa. Mimi iko na hakika yeye nakimbia."

"Hakika ya nini?" Paska ndiye aliyeuliza, na sauti yake ilikuwa kali. "Ulijuaje atakimbia?"

Mzee alimtazama rafiki yake, kisha akaangalia sakafu.

"Mfaransa," alisema.

Ayiko alielewa sasa ukubwa wa kosa: mtu alikuwa ameweka roho ya rafiki yake juu ya mzaha wake mwenyewe. Miaka ishirini aliurudia mpaka akauamini. Na Zéphyrin, aliyepaswa kukimbia ili mambo yaishe, alikaa akafagia mahabusu.

Paska aliandika maelezo, akayasoma kwa sauti, Wani akatia kidole gumba kwenye wino na kwenye karatasi. Ayiko akaandika chini yake: kifo cha ajali. Kisha akafungua mlango.

"Sajini, nje pana mama. Luteni hajafika. Nenda umwambie wewe mwenyewe, asisikie kwa mwingine."

"Afande, piga mimi risasi kwanza."

"Nenda."

* * *

Wani alitembea mpaka kwenye benchi, akasimama mbele ya dada yake kama kuruti. Zéphyrin alimfuata nyuma, na Ayiko nyuma yao.

"Dada Hadijah. Kaporali hapana ua Kenyi. Ni mimi. Bunduki iko mkono yangu. Naweka chini, inalia."

Hadijah hakupiga kelele. Alimtazama Inspekta. "Afande, ni kweli?"

"Kweli, mama. Hakukusudia. Ilikuwa ajali, na ametia kidole."

Tasbihi ilikuwa imesimama kati ya vidole vyake. "Kenyi nasema kitu?"

"Nasema, 'Mjomba, hapa imeandikwa nini?'" Wani alijibu. "Basi. Ile tu."

Land Rover iliingia getini saa nne kasoro dakika kumi. Jeshi likimtaka mtu huwa halichelewi. Luteni Hamuza aliruka chini, kijana mrefu mwenye bastola na miwani myeusi, askari wawili nyuma yake. "Inspekta! Iko wapi ule Mfaransa?"

Ayiko alimpa karatasi. Luteni aliisoma nusu, akaikunja. "Hii karatasi ni ya nini? Mimi nakuja chukua mutu. Kama si huyu, basi huyu. Kambi nataka mutu mmoja."

Hapo Ayiko alifikiri mambo yameisha. Hakuwa na askari wa kuwazuia, wala sheria ambayo Luteni angeisikia. Lakini Hadijah alikuwa ameinuka.

"Hamuza," alisema. Hakumwita Luteni. "Vua ile miwani, mimi nataka kuona macho. Wewe nakula kwangu na Kenyi sahani moja. Nani nasema wewe napenda Kenyi kupita mimi?"

Luteni alivua miwani. Alikuwa mtoto wa Koboko, na askari wake wawili pia walikuwa watoto wa Koboko, na uani palikuwa pamejaa watu.

"Hapana mutu, mama," alisema.

"Mimi ndiye mama ya maiti. Mimi nasema, ilikuwa kudura ya Mungu. Nasamehe damu. Huyu hapana chukua, na huyu hapana chukua. Nataka kwenda nyumbani, watu nakuja kusoma dua."

Luteni alisimama akigeuza miwani mkononi. Mwishowe alimtupia Ayiko karatasi yake, akaagiza Lebel ipakiwe, kwa sababu hakutaka kurudi kambini mikono mitupu. "Panda, mama," alisema. "Sisi nakupeleka Koboko."

Hadijah alimkabili Zéphyrin kwanza. Alikuwa mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima. "Kaporali, nisamehe."

"Hakuna kitu, mama. Pole ya mtoto."

Hadijah akapanda nyuma, akaketi kwenye ubao ambao alfajiri ile uliwekwa kwa ajili ya mahabusu. Wani alimpa mkono wa kumsaidia, hakuupokea. Wani akashika ukingo wa gari apande naye, akiwa ameshatanguliza mguu mmoja.

"Wewe hapana," Hadijah alisema.

"Dada, wewe nasema nasamehe."

"Damu nasamehe. Bunduki naanguka, mkono nateleza, hiyo ni ya Mungu." Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini uani wote walimsikia. "Mimi nalaani huyu mzee siku mbili, Wani. Kwa matanga, mbele ya watu, mkono juu. Na wewe naketi pembeni yangu, naitikia amina."

Luteni aliwasha gari. Wani alikuwa bado ameshika ukingo, akatembea nalo hatua kadhaa kuelekea getini, kisha likaongeza mwendo naye akaachia.